Mashine Inaokoa, Mshipa Unalipa

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu isiyofika mililita 300, haijazi hata chupa ya soda. Njiti wa kilo 1 ana mililita 90 hivi. Akiwa mahututi, karibu kila kinachomweka hai hupita ndani ya mishipa inayobeba damu hiyo kidogo: maji, sukari, dawa, chakula kwa mwezi mzima kama utumbo haujawa tayari, hata oksijeni yenyewe pale mapafu yanapogoma. Humo humo ndimo inamochotwa damu ya vipimo. Haishangazi basi kwamba anapotoka wodini akiwa hai, alama atakayoondoka nayo mara nyingi iko kwenye mshipa: kidole kilichokatika ncha, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, shinikizo la damu utotoni, kovu mkononi, au macho yasiyoona.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo bei ya uhai, na aliyeokolewa asilalamikie kidole. Wapo pia wanaoogopa mashine na mipira kiasi cha kutamani mtoto aachwe. Ukiangalia miaka 80 ya tiba hii, kauli zote mbili zinayumba. Madhara mengi hayakutokana na ukubwa wa mashine. Yalitokana na kifaa kidogo kilichokaa muda mrefu bila kazi, au dawa nzuri iliyotolewa bila kupimwa. Na kila mara madaktari walipokimbia dhara moja kwa pupa, waliangukia jingine.

Tuanze na damu yenyewe. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza mazingira ambamo bonge la damu hujiunda ndani ya mshipa, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa mambo matatu: ukuta wa mshipa umejeruhiwa, mtiririko umepungua, au damu yenyewe ina mwelekeo wa kuganda. Mtoto mchanga mahututi anayo yote matatu kwa pamoja. Katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa mshipani, inakwaruza ukuta. Katheta hiyo hiyo inakula nafasi ya damu kupita, na hapa fizikia haina huruma: kipenyo cha njia kikipungua kwa nusu, mtiririko hubaki sehemu 1 kati ya 16. Upande wa damu, mtoto huzaliwa akiwa na antithrombini, mojawapo ya vizuizi vya kuganda, karibu nusu tu ya kiwango cha mtu mzima. Mwongezee upungufu wa maji na maambukizi, bonge limeshapata kila linachohitaji. Ndiyo maana miongoni mwa watoto wa rika zote, mchanga ndiye anayeongoza kwa kuganda damu hospitalini, na mara nyingi kabisa chanzo ni katheta.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo huvuja damu kwa urahisi, hasa kichwani. Kwa hiyo dawa ya kuzuia kuganda haiwezi kumwagwa tu. Fumbo hili litaturudia kila mahali.

Mahali pa kulitazama kwa karibu ni kitovuni. Katika siku za kwanza za maisha, kitovu ni njia ya bure hadi ndani kabisa ya mwili, wala mtoto hasikii maumivu kinapokatwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Louis Diamond wa Boston aliwabadilishia damu watoto wenye manjano kali kwa kupitisha mrija wa plastiki kwenye vena ya kitovu, na tangu hapo njia hiyo haikuachwa. Daktari husafisha kitovu kwa dawa, hufunga uzi kwenye shina lake ili damu ikifumuka aweze kuikaza, kisha hukikata kwa kisu cha upasuaji sentimita 1 hivi juu ya ngozi. Kwenye mkato huonekana midomo mitatu. Mmoja ni mpana, ukuta wake mwembamba, umeachama upande wa kichwani: hiyo ni vena. Miwili ni midogo, myeupe, imejikaza na kutokeza kidogo: hizo ni ateri. Ateri ikiguswa hujibana zaidi, hivyo hufunguliwa taratibu kwa ncha ya koleo nyembamba mpaka ikubali mrija wenye unene wa milimita 1 na kitu.

Mirija hiyo miwili haifuati njia moja, na picha ya eksirei huionyesha waziwazi. Wa vena hupanda moja kwa moja kuelekea ini. Wa ateri hushuka kwanza hadi nyongani, hukunja kona, ndipo upande ndani ya aota, mshipa mkuu wa mwili. Ncha ikiishia pabaya, balaa huanza. Kwenye aota kuna eneo la katikati ambako ateri za figo na za utumbo huchipukia, na ncha haitakiwi kulala hapo. Kwa miaka mingi madaktari walibishana kama iwekwe chini ya eneo hilo, usawa wa pingili za kiuno, au juu yake, kati ya pingili ya 6 na ya 9 ya kifua. Tafiti za kulinganisha zilikata shauri: juu ni salama zaidi, miguu hubadilika rangi mara chache na katheta hudumu bila kuziba.

Hata ikikaa mahali pake, dalili ya kwanza ya matatizo huonekana mbali na kitovu, kwenye vidole vya miguu. Mguu hugeuka mweupe, au vidole hupiga weusi wa buluu. Inaweza kuwa mshipa umejibana kwa hasira ya kuguswa, inaweza kuwa bonge limeteremka. Desturi ya zamani ni kuupasha joto mguu ule mwingine, ili mishipa ya pande zote mbili ilegee. Ule ulioathirika haupashwi, kwa sababu nyama isiyo na damu huungua upesi. Rangi isiporudi ndani ya dakika chache, katheta hutolewa. Ikishindikana bado, ndipo huja mafuta ya nitrogliserini, heparini ya kuzuia damu kuganda, na katika vituo vyenye uwezo, dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo kwa njiti ni kamari kwa sababu ya ubongo. Anayeiona rangi hiyo kwanza mara nyingi si daktari. Ni mama aliyekuja kukamua maziwa, anayesema, “Sista, mbona mguu wa mwanangu umekuwa mweupe?” Wodi inayompa mama huyo jibu la “usijali” inapoteza mlinzi wake bora.

Upande wa vena, hatari zinajificha. Ncha ikipotea ndani ya ini, sukari kali na chakula cha mishipa humwagika humo na kuua sehemu ya ini. Ikipita kiasi na kuingia moyoni, inaweza kutoboa au kuunguza ukuta mwembamba wa moyo, na maji yakaujaza mfuko unaouzunguka. Mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri hubadilika ghafla, mapigo yanashuka, na sindano ikiingizwa kwenye mfuko huo hutoa kimiminika cheupe kama maziwa: ni mafuta ya lishe aliyokuwa akipewa. Anayekumbuka uwezekano huo humwokoa kwa dakika. Asiyekumbuka atasema mtoto alikufa kwa maambukizi.

Kuna dhara jingine la vena ya kitovu ambalo huja kudai deni baada ya miaka. Bonge linaweza kuziba vena kuu inayoleta damu kwenye ini bila mtu kujua. Mengi huyeyuka yenyewe. Yasiyoyeyuka huilazimisha damu itafute njia za pembeni, mishipa ya koo la chakula inavimba, na mtoto aliyeshaanza shule anatapika damu nyingi asubuhi moja. Wazazi hawaoni uhusiano wowote na mrija uliokaa wiki 1 alipozaliwa, na kadi ya kliniki haina neno. Maambukizi ya kitovu kilichopakwa vitu visivyo safi nyumbani huleta matokeo hayo hayo, kwa hiyo si haki kuibebesha hospitali kila kesi. Ila kuandika kwenye kadi kwamba mtoto aliwekewa katheta hakugharimu chochote.

Mwongozo wa mwaka 2011 wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani unasema katheta ya ateri ya kitovu isizidi siku 5, na ya vena inaweza kufika siku 14 ikitunzwa kwa usafi. Hicho ni kikomo, si lengo. Mrija usio na kazi unatakiwa kutoka leo.

Kitovu kikikauka, inabaki mishipa ya mikono, miguu na kichwa. Hapa ndipo hospitali za wilaya zinapofanyia kazi, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila habari zao kufika kwenye jarida lolote. Kanula ya mkononi hutoka nje ya mshipa huku dripu ikiendelea. Maji ya kawaida huvimbisha tu. Sukari nzito, kalsiamu, au dawa za kupandisha shinikizo kama dopamini huua ngozi na nyama, na kovu lake linaweza kumkunja mtoto kiganja maisha yote. Kalsiamu ni miongoni mwa zilizo mbaya zaidi, na imezoeleka. Wakati mwingine sindano ya kichwani huingia kwenye ateri badala ya vena, na ngozi ya paji la uso hupauka papo hapo dawa inaposukumwa. Halafu lipo kosa ambalo hakuna anayependa kulitaja: mpira wa kufungia mkono, mara nyingi kipande cha glovu, unaosahaulika chini ya plasta na bandeji. Mtoto analia, anatulizwa, anafunikwa. Bandeji inafunguliwa kesho yake, mkono umeshakufa.

Makosa haya hayahitaji bajeti ya wizara kuyazuia. Vidole viachwe wazi, plasta isizungushwe mkono mzima, mahali kanula ilipo patazamwe kila saa, na mpira utolewe na kuonekana umetolewa. Lakini nesi mmoja mwenye watoto 30 usiku hawezi kumtazama kila mmoja kila saa, na anayemlaumu peke yake hajawahi kukesha kwenye wodi hiyo.

Sasa tuingie kwenye mashine kubwa kuliko zote. Mwaka 1975, katika Kaunti ya Orange, California, mtoto wa kike alizaliwa na mama Mmeksiko aliyemwacha hospitalini. Alikuwa amevuta kinyesi chake cha tumboni mapafuni na mashine ya kupumulia haikumsaidia tena. Daktari wa upasuaji Robert Bartlett alimuunganisha na mtambo wa ECMO, unaotoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni kwenye utando na kuirudisha. Baada ya siku chache mapafu yalipona. Wauguzi walimwita Esperanza, na akakua hadi utu uzima.

Angalia njia waliyoitumia. Mrija mmoja huingia kwenye vena ya shingo upande wa kulia na kuvuta damu kutoka moyoni. Wa pili hurudisha damu kupitia ateri ya shingo, mojawapo ya mbili kubwa zinazolisha ubongo. Mrija huo huijaza ateri yote, na siku mashine inapoondolewa ateri hufungwa kwa uzi moja kwa moja. Mtoto huondoka na ateri moja kubwa ya shingo badala ya mbili. Ubongo hustahimili kwa sababu chini yake kuna duara la mishipa, lililoelezwa na Thomas Willis mwaka 1664, linalogawa damu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Duara hilo si kamili kwa kila mtu. Baadhi ya madaktari huishona ateri upya, na baadhi ya zilizoshonwa husinyaa baadaye. Moyo ukiwa na nguvu, siku hizi hutumika mrija mmoja wenye njia mbili kwenye vena peke yake, na ateri ikaachwa salama.

Halafu fumbo la mwanzo linarudi. Damu inayozunguka kwenye plastiki huganda, kwa hiyo mtoto hupewa heparini saa zote. Ikipungua, bonge hujiunda kwenye mtambo na linaweza kukimbilia ubongoni. Ikizidi, kichwa huvuja damu. Kwa sababu hiyo, pamoja na ufinyu wa mishipa yenyewe, watoto wa chini ya wiki 34 au kilo 2 kwa kawaida hawawekwi kwenye mtambo huu.

Je, ateri moja ya shingo ni bei ya haki? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1996 ulijibu kwa namna ambayo watu wengi hawakuitarajia iwe wazi hivyo. Watoto 185 waliokaribia kufa kwa kushindwa kupumua waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 93 waliopelekwa kwenye ECMO, 30 walikufa. Kati ya 92 waliobaki na tiba ya kawaida, walikufa 54. Mbele ya hesabu hiyo, kukataa kwa sababu ya ateri ni kumpenda mtoto vibaya. Afrika Mashariki mtambo huu bado si huduma ya kawaida kwa wachanga, na kwa maoni yangu hatuna haja ya kuuwahi. Huko huko ulikozaliwa, dawa ya sarfaktanti inayosaidia mapafu kufunguka na gesi ya naitriki oksaidi vimewaondolea watoto wengi hitaji la kuunganishwa nao.

Mashine ya kawaida ya kupumulia nayo hugusa mishipa, ya ubongoni. Kwa njiti wa chini ya wiki 32, kando ya mifuko ya maji ya ubongo kuna mtandao wa kapilari laini mno, ambao utatoweka mimba ikikomaa. Mashine ikimpumulisha kwa nguvu, kabonidayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hujibana, na sehemu za ubongo hukosa damu. Ikimpumulisha kidogo, gesi hiyo hupanda, mishipa hutanuka na kapilari hupasuka. Uvujaji mwingi hutokea ndani ya saa 72 za kwanza, ndiyo maana siku hizo njiti haguswi hovyo.

Nimeiacha oksijeni mwisho kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1942 Theodore Terry wa Boston alieleza watoto njiti waliokuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho. Katika miaka kumi na kidogo iliyofuata, watoto wapatao 10,000 walipofuka, wengi katika nchi tajiri, katika hospitali zilizokuwa na inkubeta mpya na oksijeni ya kutosha. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alionyesha kwamba wodi zilizokuwa na oksijeni ya bure na nyingi zilikuwa na upofu zaidi, na jaribio kubwa la Marekani la 1953 na 1954 likathibitisha.

Mishipa ya jicho huanza kuota katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaonasa mwanga, na kusambaa kuelekea kingo, kazi inayokamilika karibu na wiki ya 40. Njiti huzaliwa safari ikiwa nusu. Oksijeni ikizidi, ishara ya kemikali inayoita mishipa huzimika, nayo mishipa husimama. Wiki chache baadaye retina imekua na ina njaa. Hupiga kelele kwa ishara ile ile, sasa kwa wingi wa kupindukia, na mishipa mibovu huchipuka ovyo, hukakamaa, na kuivuta retina hadi ibanduke.

Wakubwa wa tiba walipolijua hilo, walibana oksijeni. Upofu ukashuka, na watoto wakaanza kufa kimya kimya. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa London alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyenusurika upofu, 16 walikufa kwa kukosa oksijeni. Somo hilo lilirudiwa karne hii: tafiti zilizohusisha karibu njiti 5,000 zililinganisha kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 85 hadi 89 na cha 91 hadi 95. Kundi la chini lilikuwa na ugonjwa wa macho kidogo, na vifo vingi zaidi. Leo wodi nyingi hulenga kati ya 90 na 95.

Kulenga kunahitaji kifaa cha kulengea. Mashine za kusaidia kupumua kwa viputo zimesambaa Kenya, Tanzania na Malawi, na kwa haki. Katika hospitali kuu ya Blantyre, utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba waliopona kati ya watoto wenye shida kubwa ya kupumua walipanda kutoka asilimia 44 hadi 71. Sifa hizo ni za kweli. Lakini pale mashine ya aina hii inapotengenezwa kienyeji na kuunganishwa na mtungi bila kichanganyio cha hewa, mtoto huvuta oksijeni tupu, asilimia 100, kwa siku nyingi. Kipima oksijeni cha mguuni kikisoma 99, wengi wetu hufurahi. Kwa njiti anayepewa oksijeni, 99 ni onyo. Tunajenga uwezo wa kuokoa haraka kuliko uwezo wa kupima, na hivyo ndivyo Boston ilivyofanya miaka ya 1940. Mtaalamu wa macho Clare Gilbert ameonyesha kwamba katika nchi za kipato cha kati na cha chini wanaopofuka ni hata watoto wakubwa kiasi, ambao Ulaya wasingeguswa na ugonjwa huu. Kwa hiyo kuiga vigezo vya Ulaya vya nani apimwe ni kuwaacha wetu nje. India hupima wote wa chini ya kilo 2 au wiki 34, na kigezo hicho kinatufaa zaidi.

Ugonjwa huu ni vigumu mno kuutibu retina ikishabanduka, lakini kabla ya hapo miale ya leza au sindano ya dawa ndani ya jicho huuzuia, mradi ifanyike ndani ya siku mbili tatu tangu hatua ya hatari ionekane. Jicho kwa nje huwa safi kabisa, hakuna mama anayeweza kuugundua kwa kumtazama mwanawe. Hospitali inayonunua mashine ya kupumulia ya wachanga bila kununua kichanganyio, kipima oksijeni na kumpangia daktari wa macho siku ya kupita wodini imenunua nusu ya mashine. Na wewe mzazi wa njiti aliyewekwa kwenye oksijeni, kabla hujasaini karatasi za kuruhusiwa, uliza mambo mawili yaandikwe kwenye kadi: aliwekewa katheta ipi na kwa siku ngapi, na tarehe ya kupimwa macho, ambayo kwa wengi huwa takribani wiki 4 baada ya kuzaliwa. Tarehe hiyo ikifika mtoto ananyonya, ananenepa na anacheka, mpeleke vilevile.